Udongo wa Fukayosi

Kuku ndiye aliyekuwa wa kwanza kupoteza kichwa. Nilimkuta asubuhi juu ya ubao wa kuanikia, shingo imekatika, na kichwa hakipo juu wala chini. Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya kabati, nikatoa vumbi na kifuniko cha kalamu. Kitu cha udongo kikianguka huacha vipande, na mimi sikuona hata chenga. Hapo hapo nikajua kuna mtu.

Mke wangu husema mimi nikipewa maji ya kunywa nanusa kwanza. Sikatai. Nimefundisha shule za msingi muda mrefu, na mtu aliyeishi na watoto wa darasa la nne, na walimu wenzake, na kamati ya shule, akabaki anamwamini kila mtu, huyo nadhani hakuwa akisikiliza. Mtoto akiniambia tumbo linamuuma, namtazama tumbo. Mwalimu akiniambia chaki zimeisha, naenda kufungua boksi mwenyewe.

Shule yetu ipo Kaole, karibu na barabara inayopeleka wageni kwenye magofu. Mimi nafundisha sanaa. Kwenye ratiba somo lipo, vifaa ndivyo havipo. Rangi za maji tulizopata mara moja ziliisha kabla watoto hawajajua kuosha brashi, na karatasi zote zinakwenda kwenye mitihani. Kwa hiyo niligeukia udongo. Lakini udongo wetu wa pwani una chumvi na mchanga mwingi, ukiufinyanga unapasuka hata kabla haujakauka. Muhula mzima tulitengeneza vyungu ambavyo ungeviweka kule kwenye magofu, hakuna mgeni angeshtuka.

Ndipo msichana mmoja wa darasa la nne, mtoto mkimya aliyekuwa akiishi na bibi yake nyuma ya shule, alipokuja na bonge la udongo limefungwa kwenye khanga kuukuu. Bibi yake ni mtu wa Fukayosi, mfinyanzi tangu usichana wake, na ndugu zake wakija huku pwani humletea udongo wa kwao, mweusi, laini, uliokwisha kuchambuliwa mawe. Ukiunyunyizia maji unatoa harufu ya mvua ya kwanza. Darasa zima walikuja kuunusa. Na mimi niliunusa, ila kwangu ndiyo kawaida.

Yule mtoto alikuwa na mkono. Sijui namna nyingine ya kusema. Wenzake walikuwa wakifinyanga kuku wa kuambiwa, mwili, kichwa, miguu miwili. Yeye alifinyanga kuku anayekaribia kutaga, ambaye hataki mtu amsogelee. Nilikuwa nikivipanga vitu vyake kwenye ubao, stoo, mbali na jua ili vikauke polepole, na kila nilipopita nilifungua mlango nivitazame. Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa sijapata mtoto wa namna ile, na nilikuwa namlinda kwa wivu kama mlinzi wa shamba.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ndiyo kwanza umeandama. Baada ya kichwa cha kuku, ng'ombe akakosa nundu. Kisha kinu kizima kikaondoka na mchi wake. Vitu vya watoto wengine vilibaki pale pale, na kila kilichopotea kilikuwa cha msichana yule. Mwizi alikuwa na jicho la sanaa, na hilo lilinichoma zaidi.

Nilimshuku mlinzi, kwa sababu ana wajukuu. Niliwashuku watoto wawili waliokuwa wakimcheka yule msichana kwa lafudhi yake ya Kikwere. Nilimshuku hata mwalimu wa madrasa, aliyewahi kuniambia kwa upole kwamba kufinyanga viumbe si jambo jema na kwamba angependa watoto wafinyange vikombe. Nikafinyangisha vikombe wiki ile. Kikombe cha msichana kikaondoka mdomo wote, kimebaki kitako tu. Mwalimu wa madrasa nikamtoa kwenye hesabu.

Akabaki mwenye ufunguo. Mmoja ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa mwalimu wa darasa la tatu, kwa sababu madaftari ya wanafunzi wake yalikuwa yakikaa stoo humo humo. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, aliyeolewa Bagamoyo mjini katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Omani. Dukani kwao wanauza nguo, viungo, na vitu vidogo vidogo vya wageni, vikapu na vinyago. Nilipofikia hapo kwenye vinyago nikaona nimemaliza kazi.

Ijumaa ile, kabla sijafanya lolote, bibi wa yule msichana alikuja shuleni. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha ofisi kama mtu aliyeazima. Akaniuliza kama ni kweli kazi za mjukuu wake zinaondoka. Nikamwambia ni kweli, lakini nalifuatilia. Akanieleza kwa sauti ya chini jambo ambalo sikulijua. Binti yake, mama wa yule mtoto, naye alikuwa na mkono kama ule. Vyungu vyake vilianza kupotea kivulini alikovianika, kimoja kimoja. Baadaye mikono ikamvimba, akashindwa kufinyanga, akaugua, akafa.

"Mama yake alianza hivi hivi, mwalimu," akasema. "Simngojei huyu."

Alhamisi asubuhi gari la mkaa lingerudi Fukayosi tupu, na mtoto angepanda pamoja na bibi. Angekaa kwa mjomba wake, ndani kabisa huko mashambani. Nikauliza habari za shule. Bibi akasema mjomba ataangalia. Nimewahi kuwapoteza watoto wengi kwa neno hilo. Nikamwomba anipe nafasi nimpate mwizi kabla ya Alhamisi. Akasema kama mwizi ni mtu wa kawaida, na nimlete aseme mwenyewe kwa kinywa chake, yeye atamwacha mtoto. Lakini alivyonitazama ilionekana wazi kwamba hakutegemea mtu wa kawaida.

Jumamosi nikaenda mjini, moja kwa moja hadi dukani kwa wakwe wa mwalimu mwenzangu. Nilinunua uzi ambao sikuuhitaji, nikaomba kuona na vifungo, huku macho yangu yakitembea kwenye rafu za vinyago. Kulikuwa na vifaru vya mpingo na shanga. Udongo haukuwepo. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya meza, na alipotambua kuwa nafundisha na mkwewe akafurahi, akaniuliza habari za saumu, akanikalisha. Alimsifu mkwewe kwa adabu na kwa mkono wake wa mapishi. Halafu akasema nyumba ya mwanawe imekaa kimya mno. Mara ya mwisho walikuwa wameshagawa hadi halua kwa jamaa, mimba ikaharibika. Sasa alikuwa ameshamwambia mwanawe afikirie mke wa pili, na mwana hakukataa wala hakukubali. Alinieleza haya yote akinipimia uzi. Nikatoka mle nimejua siri za watu, na kuku wangu bado hana kichwa.

Jumanne sikwenda ofisini kipindi cha mapumziko. Nilijificha stoo, nyuma ya madawati mabovu, nimechuchumaa kwenye utando wa buibui, kiuno kikiniuma. Nilikuwa nimeshaanza kujiona mjinga ufunguo ulipozunguka. Aliingia yeye. Akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo, akasikiliza. Hakutazama madaftari. Alikwenda kwenye ubao, akachukua sungura wa yule mtoto, akamgeuzageuza, akamkata sikio kwa meno. Nilisikia akitafuna, kama mtu anayekula andazi lililokauka. Alikuwa amefumba macho. Akamaliza na sikio la pili, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio, akachungulia, akatoka.

Jambo la kwanza kunijia lilikuwa la kitoto kabisa. Nikasema, kumbe kobe. Huku kwetu ndivyo tunavyomwita mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. La pili lilinijia nikiwa nimeshasimama. Mtu mzima, mwalimu, anakula kazi ya mikono ya mtoto yatima kwa siri, akifumba macho. Mimi sipendi mazungumzo ya uchawi, huwanyamazisha watoto darasani wakiyaanza. Lakini siku ile niliogopa. Nilimchukua sungura, nikamtia kwenye mfuko, na jioni ofisini nilipoagana na mwenzangu yule sikumpa mkono.

Nilimweleza mke wangu baada ya kufuturu. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama shahidi, na nikamwekea sungura mbele yake juu ya mkeka. Akacheka hadi akaweka kikombe chini. Halafu ghafla akaacha kucheka.

"Wewe una watoto watatu," akasema. "Umesahau ukuta wa jiko la mama ulivyotoboka?"

Nikakumbuka. Alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza alikuwa akibandua udongo wa ukuta wa jiko kila akienda kwao, mama yake akawa anapaka tope jipya kila baada ya siku chache huku akilalamika kuhusu panya ili majirani wasijue. Mke wangu akamgeuza sungura, akamnusa. Akasema kwa udongo kama ule hata yeye angeiba. Ule wa sokoni, uliochongwa vijiti, ni mkavu na una vumbi, na tena hakuna njia ya kuununua bila mwuzaji kujua ni wa nini. Kisha akanishika mkono.

"Usimtaje jina," akasema. "Hata humu ndani usimtaje."

Nililala vibaya. Nilimfikiria yule mama mkwe na halua zake, na yule mwanamke aliyeegemea mlango kwa mgongo. Nilimhurumia, na hasira yangu yote ya mwezi mzima ikakosa pa kwenda. Lakini mtoto alikuwa anaondoka Alhamisi. Nikisema, bibi yake ataambia ndugu zake wa gari la mkaa, na kabla ya magharibi Bagamoyo nzima itakuwa barazani kwa wale wakwe. Nikinyamaza, nampoteza mwanafunzi.

Nikaamua kudanganya. Jumatano asubuhi nilikwenda kwa bibi nikamwambia nimegundua ni panya. Nilijieleza vizuri, mlango wa stoo una upenyo chini, na kadhalika. Akaomba kuona kitu kimoja kilicholiwa. Ningekuwa na akili ningesema nimetupa. Nikamtoa sungura. Bibi akamwinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha pale palipong'atwa.

"Hawa panya wenu wana meno mapana," akasema, akanirudishia. "Kumbe na wewe unajua ni nani, na unamficha."

Tangu hapo hakunijibu tena. Nilirudi shuleni nikiwa mimi sasa ndiye ninayeshukiwa, na niliona ni kitu kichungu sana. Jioni nilisimama kwenye mlango wa darasa la tatu, mlango wazi, watu wakituona, ili pasitokee maneno mengine. Nilimwambia mwenzangu kwamba yule msichana wa darasa la nne anahamishwa kesho asubuhi. Nikamwambia habari za vitu vinavyopotea, na bibi anavyoamini, na mama wa mtoto alivyokufa. Sikusema zaidi ya hapo. Alikuwa akifuta ubao. Akaendelea kufuta mahali ambapo palikuwa pameshatakata.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

"Anajua nini?" nikasema.

Akanitazama. Sikuweza kujua kama amenishukuru au amenichukia.

Alhamisi nilitoka mapema kujaribu mara ya mwisho. Nilipofika kwa bibi nilikuta viatu vya mwalimu mlangoni. Nikapiga hodi, nikakaribishwa kwa sauti isiyonikaribisha. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mkeka na mfuko wake pembeni, amevaa gauni la safari. Mwenzangu alikuwa amekaa mbele ya bibi, magoti pamoja, kama mwanafunzi. Nadhani alikuwa akiningoja niwepo, au alikuwa akingoja tu moyo wake.

"Bibi," akasema, "vitu vya mtoto nimevila mimi."

Bibi hakushtuka. Alimtuma mjukuu wake akachote maji, na hakusema kitu mpaka tuliposikia ndoo kisimani.

"Umevila, au umevipeleka mahali?"

"Nimevila. Sokoni siwezi kwenda. Nikinunua udongo asubuhi, jioni watu wanakuja kunipa hongera. Kila mara wamenipa hongera, bibi. Na kila mara nimewarudisha watu wale wale kunipa pole."

"Mama mkwe wako anajua?"

"Hapana."

"Mumeo?"

"Hapana. Ningeomba wewe usijue pia. Lakini mtoto atakosa shule kwa ajili yangu."

Nilidhani bibi atafurahi. Mwizi alikuwa mtu wa kawaida, amekuja, amesema kwa kinywa chake. Badala yake nilimwona uso wake ukibadilika rangi. Akashika ukingo wa mkeka.

"Mwanangu," akasema, "nimekuapiza. Tangu mwezi uandame. Kila nikitoa salamu ya swala, kabla sijaomba jingine, namwapiza anayekula kazi ya mjukuu wangu. Nimesema asipate alichobeba."

Mwenzangu aliweka mkono tumboni, mara ya kwanza mimi kumwona akifanya hivyo, akauacha hapo. Nilitaka kusema kitu cha kielimu, kwamba maneno hayana nguvu hiyo. Sikukisema, kwa sababu sikuwa na uhakika nacho. Bibi alisogea kwa magoti hadi alipokuwa yule mwanamke, akamshika miguu. Mtu mzima wa umri ule, anamshika miguu mwalimu wa darasa la tatu. Mwenzangu alilia akimwinua. Bibi aliomba maji, mtoto akawa ndiyo anaingia na ndoo, na bibi akayasomea, akamnawisha uso, akamnywesha kidogo, saumu ikiwa imeshavunjwa siku nyingi na ruhusa ya wajawazito anayo.

Nje, gari la mkaa lilipiga honi. Bibi alitoka mlangoni akamwambia dereva aende.

"Siendi kokote na mtoto haendi," alituambia aliporudi. "Maneno nimeyasema hapa hapa, nikihama nitayaacha peke yake. Nitakaa nayo mpaka huyu azaliwe." Kisha akanigeukia mimi, na macho yalikuwa yale yale ya jana. "Na wewe mwanamume ndiye sikuamini. Sisi wengine tuna sababu ya kunyamaza."

Iliniuma, lakini ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nilinyamaza. Baada ya Idi, mwezi ambao mimba za nyuma za mwenzangu ziliharibika ulipokwisha kupita, mama mkwe mwenyewe alikuja shuleni na sinia la visheti kututangazia habari njema ambazo mkwewe, alisema, hakuwa na haraka ya kuzisema. Walimu wote walishangaa. Mimi nilishangaa kuliko wote.

Yule msichana aliendelea kufinyanga. Bibi akawa anamfungia bonge dogo la ziada alipelekee darasa la tatu, na onyo kwamba lisizidi, kwamba udongo mwingi unafunga tumbo. Lakini kila siku mtoto alipotoka shule bibi alikuwa na swali moja tu, mwalimu amekuja leo? Siku mwenzangu aliposhikwa na mafua akabaki nyumbani, bibi alikuja hadi getini, akasimama pale hadi nilipotoka kumwambia ni mafua. Hakuniamini. Alinituma nimpigie simu mbele yake.

Siku yenyewe ilipofika ilikuwa katikati ya masomo. Mwenzangu alichukuliwa na bajaji hadi hospitali, na yule msichana akaiona kutoka dirishani kwetu. Aliacha udongo mezani akakimbia kwao bila kuomba ruhusa. Nilimwacha.

Jua lilikuwa limeinama nilipopita kwa bibi. Alikuwa juu ya msala uani, na mjukuu wake alinong'ona kwamba hajaondoka hapo tangu adhuhuri, hajala, maji hataki. Nilisimama nyuma yake. Hakugeuka, lakini alijua ni mimi.

"Mtoto amelia?" akauliza.

"Amelia, bibi. Nimemsikia mwenyewe kwenye simu. Mtoto na mama wazima."

Sasa aligeuka. Alinitazama usoni, jicho hadi jicho, akitafuta.

"Apa," akasema.

Nikaapa. Alinitazama bado kidogo, kisha mabega yake yakashuka, akainamisha paji la uso juu ya msala, na mimi na mtoto tukakaa chini kumngoja.